Kalamu Nyekundu

Siku kinu cha karatasi kilipofungwa
Urpo alirudi nyumbani saa saba mchana.
Akasimama nje, akiukodolea macho mlango wake
kama mtu aliyekosea anwani.

Halafu wakaja wao.
Hawakuja na moshi, wala ile harufu ya kabichi iliyochacha
ambayo sisi tuliiita harufu ya mshahara.
Walikuja na raba nyeupe na neno "familia".
Meya akasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Akawakatia utepe, akawakatia kodi,
akawapa maji ya ghuba wapozee mashine zao.
Ukumbi uliozaa karatasi za magazeti
sasa unatunza picha za chakula cha watu nisiowajua,
na ugomvi wao.
Wenyeji waliopona ni ishirini na wanane,
ukihesabu na walinzi wa lango.

Mimi, Tellervo, nilisahihisha gazeti la mji huu
miaka thelathini na mmoja, kwa kalamu nyekundu.
Koma ikipotea, sikulala.
Gazeti likanunuliwa, likauzwa, likanunuliwa tena,
hata likawa kitu kisichoandikwa na mtu.
Machi iliyopita likatangaza kifo cha Aarre, fundi baiskeli.
Nilimkuta dukani akinunua maziwa,
kifo chake kikimwaka kiganjani.
"Mia mbili na kumi wamesikitika," akaniambia,
"na tisa wamefurahi.
Nasema labda vidole viliteleza.
Lakini huyu, na huyu hapa, nawajua. Hawa hawakuteleza."
Aliomba lisahihishwe. Akaambiwa:
thibitisha kwamba wewe si roboti,
chagua picha zenye taa za kuongozea magari.
Mji wetu una taa moja.
Akakosea.

Basi usiku ule simu iliponiuliza kama NIMEKUBALI
nilivaa miwani, nikachapisha masharti yote,
kurasa arobaini na sita,
nikayasoma. Nadhani ni mimi wa kwanza.
"Sisi" mara mia tatu na tisa, na ndani yake hamna mtu.
"Tunajali faragha yako":
nikapiga mstari, nikauliza pembeni: nani? tangu lini?
"Tunashirikiana na washirika wetu":
maneno mengi. Sema, tunauza.
"Bure":
kosa la tahajia. Huandikwa g-h-a-l-i.
Ukurasa wa arobaini wino ukaniishia,
nikamalizia kwa penseli ya nyusi.

Nikatia kwenye bahasha, nikalamba stempu,
nikaituma ng'ambo, kwenye anwani iliyojificha mwishoni
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Jibu likaja kutoka kwa anwani isiyojibika:
Maoni yako ni muhimu kwetu.

Kesho yake kila nilipogusa,
hali ya hewa, ratiba ya basi, mapishi ya supu ya samaki,
kalamu nyekundu.
Kumi na mbili kwa bei ya nane.
Sikuwa nimeliandika neno hilo popote kwenye simu.
Nilimwambia Urpo tu, jikoni,
simu ikiwa mezani, imelala kifudifudi.
Urpo anasema ni bahati mbaya tu, nimezeeka, nina shuku.
Labda.
Lakini siku hizi anapotaka kunisengenya meya
huiweka simu yake ndani ya jokofu kwanza.

Sasa ni Februari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Joto la ukumbi ule hupitishwa mabombani hadi majumbani mwetu;
hilo walilitimiza, nisiwaonee.
Naegemeza mgongo kwenye rejeta na kuwaza
nini hasa kinachonipasha:
tusi la mtu kwa mtu asiyemjua,
mbwa anayepiga chafya mara milioni nne,
sahihi yangu ya NIMEKUBALI.
Na kifo cha Aarre, kwani hakijafutwa hadi leo.

Aarre mwenyewe amekuja jioni hii, theluji mabegani,
akavua glavu, akaitandaza mikono juu ya rejeta.
"Angalau kinapasha," akasema.

Nikammiminia kahawa.
Sikumwambia kwamba zile kalamu
nimeziagiza.